Magari yasiyo na dereva: mtaji wa barabara uko hatarini

Sheria za Marekani zinataka kila eneo la mji lenye watu zaidi ya 50,000 liwe na chombo cha kupanga usafiri, na mpango wake uangalie mbele kwa miaka isiyopungua 20. Biashara ya magari yanayojiendesha, kwa upande wake, hubadilika kila baada ya miaka michache. Hapo ndipo fedha za walipa kodi na za wenye hisa zinapoingia hatarini.

Kampuni ya Argo AI, iliyopewa mtaji na Ford na Volkswagen, ilifungwa Oktoba 2022, na Ford ikafuta dola bilioni 2.7 vitabuni. General Motors nayo, baada ya kutumia zaidi ya dola bilioni 10 kwa kampuni ya Cruise, ilitangaza Desemba 2024 kuwa haitagharimia tena teksi zake. Hata hivyo Waymo, iliyo chini ya Alphabet, inabeba umma bila dereva mjini Phoenix tangu 2020. Mpangaji basi hawezi kudai kuwa magari hayo hayaji, wala kujua atakayebaki sokoni.

Hasara ya kuharakisha ilionekana katika magari yanayopeana habari kwa redio, yenyewe kwa yenyewe na pia na taa za barabarani. Mwaka 1999 Tume ya Mawasiliano, FCC, ilitenga masafa ya megahezi 75 kwa kazi hiyo. Mwaka 2015 serikali iliteua New York, Tampa na Wyoming kwa majaribio ya hadi dola milioni 42, na mitambo ya mfumo wa DSRC ikafungwa barabarani. Novemba 2020 FCC ilibakiza megahezi 30 tu, nyingine 45 zikaenda kwa intaneti isiyotumia waya, na mfumo mwingine, C-V2X, ukapewa nafasi ya DSRC. Walionunua mitambo ya awali wakabaki na mali isiyo na mustakabali.

Njia ya tahadhari ni kutenga matumizi mafungu mawili. La kwanza ni kazi zinazofaa gari lolote, lenye dereva au lisilo naye: nyaya za mawasiliano, taa nzuri na rangi ya barabara. Mwongozo wa kitaifa wa alama za barabarani wa Desemba 2023 una sehemu nzima kuhusu magari haya, na inataja mistari ya upana wa inchi 6 katika barabara kuu. Fungu la pili ni vifaa vinavyopitwa na wakati upesi. Hivyo vinunuliwe kidogo kidogo, kwa mikataba inayoruhusu kuvibadilisha.

Lipo pia suala la mapato. Kodi ya shirikisho ya petroli imebaki senti 18.4 kwa galoni tangu 1993, na teksi za Waymo zinatumia umeme. Zikiongezeka, barabara zitatumika zaidi huku mfuko wa kuzitengeneza ukipata kidogo.

Kwa mwekezaji mdogo, uzinduzi wa gari jipya si kigezo cha kutosha cha kununua hisa. Aulize kwanza kampuni inauza nini endapo mfumo utabadilishwa: muuza rangi na nyaya ataendelea kupata zabuni, lakini aliyetegemea mtambo wa aina moja anaweza kufungiwa soko kwa uamuzi mmoja wa serikali.