Tundu Dogo Chini ya Kiti cha Nyuma

Chini ya kiti cha nyuma cha Toyota Aqua kuna tundu ambalo wamiliki wengi hawajawahi kulitazama. Kanga ikidondoka hulifunika, mfuko wa sokoni ukiwekwa sakafuni huliziba, na vumbi la barabarani hujikusanya humo mwezi baada ya mwezi. Kupitia tundu hilo, feni huvuta hewa ya ndani ya gari na kuipitisha kwenye betri kubwa ya haibridi. Likiziba, betri hupata joto bila mtu yeyote kujua. Nalizungumzia tundu hili kwa sababu sayansi ya betri imethibitisha jambo linaloweza kumwokolea fedha nyingi mwalimu, muuguzi au dereva wa teksi aliyenunua gari kwa mkopo: joto huila betri, na sehemu ya joto hilo tunaweza kuizuia wenyewe.

Kwanza tuielewe betri yenyewe. Ya Aqua ya kizazi cha kwanza ina seli 120, kila moja ya volti 1.2, zilizoungwa kwa mfuatano hadi kufikia volti 144. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina seli 168, na jumla yake ni volti 201.6. Umeme wote hupita katika kila seli. Aliyeshuhudia vibarua wakimwaga zege la ghorofa ataelewa haraka. Karai hupita mkono kwa mkono, na mmoja akiishiwa nguvu safu nzima hukwama, hata kama wenzake bado wako imara. Ndiyo maana taa ya onyo inaweza kuwaka kwenye dashibodi wakati seli nyingi zingali nzima.

Na ilijulikanaje kwamba joto huila betri? Wanakemia walitambua tangu karne ya 19 kwamba joto huharakisha mabadiliko ya kikemia. Kwa makadirio ya jumla, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapoongezeka, kasi ya mabadiliko mengi hukaribia kuwa maradufu. Kanuni hiyo haichagui: huharakisha pia mabadiliko yanayoichakaza seli. Watafiti wakaweka seli za aina moja katika makabati yenye joto tofauti, wakazijaza chaji na kuzitumia tena na tena, kisha wakapima uwezo uliobaki. Zilizokaa kwenye joto kali zilichoka mapema.

Vipimo hivyo vilionyesha pia jinsi uchakavu unavyojilisha wenyewe. Seli inapozeeka, ukinzani wake wa ndani hupanda, nayo hutoa joto zaidi, na joto hilo huizeesha zaidi. Mkondo wa umeme ukiongezeka mara mbili, joto linalotokana na ukinzani huwa mara nne. Kwa hiyo kukanyaga mafuta kwa ghafla na kupanda mlima na mzigo mzito huipa betri kazi ngumu mara nyingi zaidi ya mwendo wa utulivu.

Kwetu elimu hii ina uzito wa pekee. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8, lakini mengi hufika yakikaribia umri huo. Betri iliyoanza maisha yake Japani inashushwa Mombasa au Dar es Salaam ikiwa imeshafanya kazi kwa miaka. Gari likiachwa juani vioo vimefungwa, hewa ya ndani huwa kama ya tanuri, na hewa hiyohiyo ndiyo feni itakayoipelekea betri. Kutafuta kivuli, kufungua vioo kabla ya kuondoka na kuwasha kiyoyozi ni nafuu kwa abiria na kwa betri pia.

Kuhusu gharama, tuanze chini tukipanda. Kusafisha feni na kichujio chake ni kazi ndogo isiyohitaji spea. Inayofuata ni betri ndogo ya volti 12. Ikichoka, gari linaweza kukataa kuwaka na kuonyesha taa nyingi kwa pamoja, mwenye gari akadhani ile kubwa imekufa. Kisha huja kubadilisha kipande kimoja kibovu cha betri kubwa. Hilo hurudisha gari barabarani, ila kipande kizima kikiwekwa kati ya vilivyochoka, kinachofuata kwa udhaifu kinaweza kuanguka baada ya miezi michache. Juu kabisa ni betri nzima. Kwa hiyo mama akiambiwa gereji kwamba betri imekwisha, ana haki ya kusema, "Fundi, naomba kwanza nione vipimo." Kompyuta ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu hufuatilia makundi 14 ya seli. Yapimwe gari likiwa kwenye mwendo, maana kundi dhaifu hujificha gari likiwa limesimama.

Betri nayo isibebeshwe lawama zote. Injini ya Prius ya kizazi cha tatu inajulikana kwa masizi kuziba njia zinazorudisha moshi kwenye injini, na kwa gasketi ya silinda hedi kuungua. Maji ya kupoza yakipungua bila kuvuja nje, au injini ikitetemeka inapowaka asubuhi, usisubiri. Faida ya haibridi nayo ipo: mota ya umeme husaidia kupunguza mwendo huku ikirudisha chaji, hivyo pedi za breki hudumu zaidi.

Tahadhari ni lazima. Volti 144 zinaua. Nyaya za rangi ya chungwa na kifuniko cha betri ni vya fundi aliyesomea, mwenye glavu maalumu za umeme, anayejua kukata umeme na kusubiri kabla ya kugusa. Usafi pia haufufui seli iliyokufa, na betri "iliyofufuliwa" kwa kuchajiwa polepole inaweza kurudisha sehemu ya nguvu, lakini haiwi mpya.

Hata hivyo nina matumaini. Kijana wa chuo cha ufundi akijifunza kusoma vipimo hivi vizuri, atawaokolea majirani zake fedha ambazo zingenunua betri isiyohitajika. Nasi wengine tunaweza kuanza Jumamosi hii gari linapooshwa: tuondoe mifuko, tuinamie kiti cha nyuma kwa tochi, tutazame kama tundu lile linapitisha hewa.