Mapishi ya Kiangazi katika Nyumba za Isiolo

Kenya hupitiwa na mstari wa ikweta, na kwa hiyo mwaka wake haugawanywi na baridi na joto kama ilivyo Ulaya, bali hugawanywa na mvua. Katika Isiolo, mji ulio kaskazini mwa Mlima Kenya, takriban kilomita 285 kutoka Nairobi katika barabara kuu ya kwenda Moyale, mvua ndefu za masika hutarajiwa kati ya Machi na Mei, na mvua fupi za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Miezi inayobaki ni kiangazi, nacho huja mara mbili: kile kifupi cha Januari na Februari, na kile kirefu cha kuanzia Juni hadi Septemba.

Wengi hukichukulia kiangazi kuwa msimu wa njaa tu, ilhali kile cha mwanzo wa mwaka, vuli ikiwa imenyesha vizuri, huwa na neema yake. Ndio wakati maembe ya nyanda za chini za Meru na Tharaka-Nithi yanapofurika sokoni, na kunde zilizopandwa kwa mvua ya vuli zinapokomaa. Mto Isiolo, unaoteremka kutoka Mlima Kenya, humwagilia mashamba madogo ya sukuma wiki, mchicha, nyanya na vitunguu, na upande wa juu, kuelekea Timau, hutoka viazi, karoti na kabeji. Zao lililo katika msimu wake huwa bei nafuu, huwa limeivia shambani, na halijakaa njiani siku nyingi; kwa hiyo mpishi mwenye busara hutazama kwanza kilichojaa sokoni, kisha ndipo aamue atapika nini.

Majani ya kunde yanaonyesha vyema jinsi upishi unavyoweza kuhifadhi au kupoteza lishe. Majani hayo huchambuliwa na kuoshwa kabla ya kukatwakatwa, kwa kuwa vitamini C, ambayo huyeyuka katika maji na kuharibiwa na moto, hupotea kwa wingi jani likishakatwa. Vitunguu hukaangwa katika mafuta kidogo, nyanya zilizoiva huongezwa hadi zilainike, kisha majani hutiwa na kufunikwa yaive kwa maji yake yenyewe. Mafuta hayo si ya ladha pekee, kwani karotini, yaani rangi ya mimea ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, hufyonzwa vizuri zaidi ikiwa pamoja na mafuta. Maziwa kidogo, ya ng'ombe au ya ngamia, hupunguza uchungu wa mboga kama managu. Kachumbari ya embe bichi, kitunguu, pilipili na ndimu ikiandaliwa kando, vitamini C iliyomo huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mboga mbichi huoza upesi, na hapo ndipo mila ya kuhifadhi chakula inapopata maana yake. Jamii za wafugaji wa kaskazini, wakiwamo Waborana na Wasomali, wana nyirinyiri, yaani nyama iliyokatwa vipande virefu, ikaanikwa, ikakatwakatwa tena na kukaangwa hadi ikauke, kisha ikahifadhiwa ndani ya mafuta. Mboga nazo zina njia yake: majani ya kunde huchovywa kwa muda mfupi katika maji yanayochemka, hukamuliwa, kisha hutandazwa penye kivuli na upepo chini ya chandarua, kwa sababu jua kali likiyapiga moja kwa moja huiharibu karotini. Embe lililoiva hukatwa vipande vyembamba vilivyo sawa, vikauke kwa pamoja bila kuota ukungu.

Thamani ya maarifa haya ilidhihirika katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilifululiza kushindwa katika Pembe ya Afrika, Isiolo ikiwa miongoni mwa kaunti zilizoathirika. Mboga iliyokaushwa haiwezi kuzuia janga la ukubwa huo, wala haichukui nafasi ya umwagiliaji wa uhakika na barabara zinazopitika. Hata hivyo, familia yenye kunde kavu ndani ya gudulia huingia katika miezi ya Juni hadi Septemba ikiwa na mboga ambayo haihitaji kuinunua kwa bei ya uhaba. Kwa sababu hiyo, maarifa ya kuanika na kuhifadhi yanastahili kufundishwa vijana wa kike na wa kiume sawasawa na yale ya kupika, na wakati unaofaa kuyafundisha ni Januari, maembe na kunde vikiwa bado vimejaa sokoni.