Ukipita Voi, angalia tairi: Siri ya weusi ule na ndoto ya wanasayansi

UKIWA kwenye basi la Mombasa kwenda Nairobi, hebu chungulia dirishani ukikaribia Voi. Kando ya barabara utaona vipande vya mpira vimejikunja kama nyoka waliokauka juani. Hayo ni mabaki ya tairi za malori. Mzigo mzito kutoka bandarini, lami yenye moto wa Tsavo, saa nyingi bila kupoa: tairi inachoka, inapasuka. Ikipasukia pabaya, kuna watu hawafiki nyumbani.

Sasa jiulize: kwa nini tairi ni nyeusi? Utomvu wa mti wa mpira ni mweupe, na tairi za mwanzo hazikuwa nyeusi kamwe. Weusi ule ni masizi, yaani kaboni laini mno. Bila masizi, tairi ingelika upesi sana. Kwa kila kilo 100 za mpira, kiwanda huweza kutia masizi kama kilo 50.

Mpira wenyewe nao mara nyingi si wa aina moja. Ule wa mti haupati joto haraka na hauchaniki ovyo. Ule unaotokana na mafuta ya petroli hustahimili kusuguana na lami. Ukichanganywa, kila mmoja humfichia mwenzake udhaifu.

Hapo ndipo inapoingia nanotyubu ya kaboni: kijimrija chembamba kuliko unywele wako mara maelfu, lakini chenye nguvu ya kushinda chuma. Dunia iliichangamkia mwaka wa 1991, baada ya mwanasayansi wa Japani, Sumio Iijima, kuieleza. Kilo chache tu zikitiwa mahali pa rundo la masizi, mpira huwa mgumu zaidi, na huweza hata kupitisha umeme.

Mbona basi haijajaa kwenye kila tairi? Kwanza ni bei. Pili, nanotyubu hupenda kushikana. Si unajua ukimwaga unga wote wa uji kwa mpigo mmoja? Madonge! Ndani ya tairi, donge ni mahali ufa unapoanzia. Na mpira ukiwa wa aina mbili, nanotyubu zinaweza kukimbilia upande mmoja na kuuacha mwingine mtupu. Kazi kubwa, kwa hivyo, ni kukoroga.

Tahadhari pia: mwaka wa 2014, shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliorodhesha aina moja ya nanotyubu kuwa huenda inasababisha saratani. Vumbi lake si la kuchezea.

Na Taita Taveta inahusikaje? Kaunti hii ina grafaiti, kwa mfano kule Chawia. Ni kaboni ileile iliyo kwenye penseli yako. Hata kito cha tsavorite hupatikana kwenye miamba yenye grafaiti. Lakini usidanganywe: grafaiti si nanotyubu. Siku hizi nyingi hutengenezwa kwa gesi. Ila zile za Iijima zilitokea kwenye vijiti vya grafaiti vilivyopitishwa umeme. Kaboni ni ileile. Tofauti ni mpangilio.

Mpangilio huo ndio elimu, na elimu ndiyo bei. Hapo Voi kuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta kinachofundisha uhandisi wa madini. Wewe unayewaza usome nini baada ya KCSE, fikiria hili: tutauza mawe kwa gunia hadi lini, kisha tununue tairi kwa maelfu?

Kwa leo, anza na dogo. Kwenye ubavu wa tairi ya gari kuna tarakimu nne. 2319 maana yake ni wiki ya 23, mwaka wa 2019. Basi likisimama Voi mnywe chai, zunguka uzisome. Ukiona tairi imezeeka au imekwisha meno, sema. Usinyamaze ati kwa sababu ushalipa nauli.