Mwenye Mali Asinyimwe Habari

Chama cha ushirika wa akiba na mikopo ni mali ya wanachama wake. Mtu anayesimama dirishani ndiye mwenye fedha, na karani aliye ndani, pamoja na meneja wake, ni watumishi aliowaajiri. Hata hivyo zipo ofisi ambamo mwenye mali huyo huambiwa "njoo kesho" kana kwamba amekuja kuomba sadaka.

Wengi humlaumu karani. Sisi tunaona kwamba chanzo cha tatizo kiko ndani zaidi. Karani hutoa alichopewa. Iwapo meneja hakumweleza kwa nini Kamati ya Mikopo imeahirisha kikao, yeye atamweleza nini mwanachama? Asiyejua hulazimika kukwepa, na akwepaye kila siku hatimaye huwa mkali. Ukali wa dirishani huzaliwa na ukimya wa ofisini.

Tuchukue mfano wa vyama vya mahali pa kazi, ambavyo uhai wake ni makato ya mishahara. Mwajiri akikata fedha hizo asiziwasilishe kwa wakati, mfuko wa mikopo hukauka. Mwalimu aliyeomba mkopo wa ada ya mwanawe huambiwa asubiri, wala hapewi sababu. Atawauliza wenzake, nao, wasiojua zaidi yake, watasema viongozi wamezila fedha. Haupiti muda barua za kujitoa uanachama zinaanza kumiminika. Hivyo chama ambacho hakikuibiwa hata senti moja chaweza kuyumba kwa kukosa tangazo la mistari mitano ubaoni.

Wapo viongozi wanaodai kuwa habari za namna hiyo huleta hofu. Tunakubali kwamba hesabu ya kila mwanachama ni siri yake, na siri hiyo ilindwe. Lakini jumla ya akiba, mikopo iliyocheleweshwa na madeni ya waajiri ni mambo ambayo mwenye chama hawezi kufichwa. Mwaka 1995, Muungano wa Vyama vya Ushirika Duniani ulipokutana Manchester, Uingereza, uliitaja elimu, mafunzo na habari kuwa kanuni ya tano kati ya kanuni saba za ushirika. Kanuni hiyo inawahusu wanachama, viongozi waliochaguliwa, mameneja na wafanyakazi pia. Kila mwanachama ana kura moja. Asiyepewa habari hupiga kura yake gizani.

Kwa hiyo tunatoa rai kwamba meneja aketi na watumishi wake kila wiki, awaeleze hali ya fedha ilivyo na asikilize wanayoulizwa dirishani. Mwanachama anayenyimwa mkopo apewe sababu kwa maandishi. Taarifa ya mapato na matumizi iwafikie wanachama siku nyingi kabla ya Mkutano Mkuu, wasigawiwe mlangoni asubuhi ya mkutano. Siku hizi ujumbe wa simu huwafikia wote kwa dakika chache, na uvumi nao hupita njia hiyo hiyo. Ofisi ikichelewa kusema, uvumi utatangulia.

Wanachama nao wana wajibu wao. Wahudhurie mikutano, wasome taarifa na waulize maswali yao mbele ya viongozi badala ya kuyanong'ona vibarazani. Akiba iliyowekwa kwa jasho inastahili kulindwa kwa maneno ya kweli.