Maana ya "Mbele" katika Madirisha ya Kompyuta

Neno "mbele" ni miongoni mwa maneno yanayodhaniwa kuwa wazi hata hayahitaji kufafanuliwa. Lakini katika habari za kompyuta neno hili lafunika mambo mawili mbalimbali, na wenye kuyachanganya hupata taabu, hasa waandishi wa skripti, yaani orodha za amri ambazo mashine huzifuata moja baada ya nyingine bila ya kusimamiwa.

Aghalabu skripti hufika mahali pa kumwuliza mtumiaji swali: Je, faili za zamani zifutwe? Swali hilo huandikwa katika kidirisha kiitwacho kisanduku cha mazungumzo, nayo skripti husimama ikingoja jibu. Kisanduku kikitokea nyuma ya madirisha mengine, mtumiaji hakioni. Skripti yamngoja yeye, naye aingoja skripti. Mwishowe hudhani kwamba mashine imekwama, akaizima, na kazi iliyofika nusu ikaharibika.

Jambo la kwanza kati ya hayo mawili ni kuwa juu: dirisha moja kulifunika jingine, kama karatasi zilizopandana mezani. La pili ni kushika zamu: dirisha moja tu kwa wakati mmoja ndilo lipokealo herufi zinazopigwa. Dirisha laweza kuwa juu ya yote, na zamu iwe kwingine.

Katika VBScript, lugha iliyotolewa na Microsoft mwaka 1996, na ambayo mwaka 2023 kampuni hiyo ilitangaza kuwa itaondolewa kwa hatua, kisanduku huitwa kwa amri ya MsgBox, na sura yake hutajwa kwa tarakimu zinazojumlishwa. Tarakimu 4 huleta vitufe vya Ndiyo na Hapana. 32 huleta alama ya kuuliza. Na 4096 hukiweka kisanduku juu ya madirisha mengine. Jina la hiyo 4096 ni vbSystemModal, nalo lina asili yake. Katika Windows 3.1 ya mwaka 1992, kisanduku cha aina hii kiliishika mashine nzima hata kijibiwe. Katika Windows za sasa programu nyingine huendelea na kazi zake, na kisanduku hukaa juu tu. Jina limebaki, maana imehama.

Ama kushika zamu, hilo lina sheria yake. Tangu Windows 98 na Windows 2000, programu haiwezi kujitwalia zamu ipendavyo. Huruhusiwa, kwa mfano, ikiwa imeanzishwa na programu yenye zamu, au ikiwa ndiyo iliyopokea kitendo cha mwisho cha mtumiaji. Isiyo na ruhusa, kitufe chake katika ukanda wa kazi humetameta tu. Huko ni kupiga hodi: mgeni amefika, lakini hajakaribishwa ndani.

Katika kompyuta za Mac, ambako AppleScript ilianza kutumika mwaka 1993, njia ni nyingine. Kisanduku hufuata programu iliyokiita. Programu ikiwa nyuma, nacho hubaki nyuma. Kwa hiyo amri ya activate hutangulizwa, programu ije mbele, ndipo swali liulizwe. Hapa juu na zamu hupatikana pamoja.

Isidhaniwe kuwa sheria ya hodi ni usumbufu mtupu. Mtu aweza kuwa ananakili barua, macho yake yako karatasini. Kisanduku kikizuka na kunyakua zamu, kitufe cha Enter alichokibonyeza ili kuanza mstari mpya chageuka jibu la Ndiyo, na faili zafutika kabla swali halijasomwa. Kwa sababu hiyo mwandishi mwangalifu huongeza 256, ambayo hufanya kitufe cha pili, yaani Hapana, kiwe ndicho kilichoteuliwa tangu mwanzo. Jumla yake ni 4 + 32 + 256 + 4096, yaani 4388.

Basi, yampasaye mfasiri wa maelezo ya kompyuta ni kuyatenga mambo haya kwa maneno mawili. Akisema "juu" kwa mpangilio wa madirisha, na "zamu" kwa upokeaji wa herufi, msomaji atajua ni lipi limekosekana. Akisema "mbele" kwa yote mawili, atamwacha akitafuta kosa mahali ambapo halipo.