Picha ya Asili Hujulikanaje?

Nyumbani kwetu Diaca tunayo picha moja ndogo, ukubwa wake kama ukurasa wa daftari. Imechorwa kwa wino mweusi, na ndani yake wamo mashetani watatu wanaokula katika chungu kimoja. Masikio yao ni makubwa, midomo minene, matumbo yametokeza mbele, na kila mkono una vidole viwili tu. Marehemu babu aliileta kutoka Dar es Salaam, alikokuwa akifanya kazi, na siku zote alituambia kwamba ni kazi ya George Lilanga. Mwaka 2020, vita vilipofika kwetu, tulikimbia kwa njia ya Mueda, na mama aliichukua katika bahasha moja pamoja na vyeti vyetu vya shule. Mwaka jana alikuja mfanyabiashara akataka kuinunua. Hapo ndipo nilipolazimika kujifunza haya ninayotaka kuwaeleza.

Kwanza yafaa tumjue Lilanga mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1934 katika kijiji cha Kikwetu, upande wa Masasi, kusini ya Tanganyika, naye alikuwa Mmakonde kama wengi wetu hapa. Alianza kwa kuchonga mizizi ya mihogo na miti laini, kisha mpingo. Mwanzo wa miaka ya 1970 alikwenda Dar es Salaam, na kwa msaada wa jamaa yake, Augustino Malaba, akapata kazi ya ulinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa. Lakini hakubaki mlinzi. Alijifunza kuchora kwa wino juu ya ngozi ya mbuzi, kutengeneza batiki, na kuchapa picha kwa bamba la zinki. Baadaye alitumia rangi za kung'aa za makopo, zile wanazopakia watu milango. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa mjini Washington, Marekani. Alifariki Dar es Salaam tarehe 27 Juni 2005.

Mashetani wake si wa kutisha. Wanacheza ngoma, wanakwenda hospitali, wanagombana, na mtu huwatazama akacheka kama anayesoma vibonzo vya gazeti la Sani. Kwa hiyo wengi wazitaka picha zake. Nawe wajua kwamba fundi akifa kazi yake haiongezeki tena, hali wanaoitaka huongezeka. Bei hupanda, na bei ikipanda waigaji hawakosekani.

Basi picha ya asili hujulikanaje? Kuna namna tatu ambazo mtu asiyezoea huzichanganya.

Namna ya kwanza ni mchoro wa mkono. Huo ni mmoja tu duniani. Ukiutazama kwa kioo cha kukuzia, utaona mstari wa wino haulingani: mahali kalamu ilipotua au ilipogeuka wino ni mzito, na ilipokimbia ni mwembamba. Mara nyingi chini ya wino kuna alama za penseli, kwa maana mchoraji alianza kupima kabla ya kukaza mstari.

Namna ya pili ni chapa ya bamba. Mchoraji hupaka bamba la zinki nta, akachora kwa sindano, kisha akalitia katika asidi. Asidi hula pale tu ambapo nta imekwanguliwa. Halafu hupaka wino ukaingia katika mifereji ile, akafuta wa juu, akalaza karatasi yenye unyevu na kuikandamiza kwa mashine. Picha hutoka imegeuzwa, kushoto kuwa kulia, kwa hiyo akitaka kuandika maneno ndani yake sharti ayaandike kinyume. Ukipitisha kidole utahisi bonde dogo lililoachwa na ukingo wa bamba. Chini huandikwa kwa penseli hesabu kama 5/30, yaani hii ni ya tano katika thelathini. Chapa hii nayo ni ya asili, maana bamba ni kazi ya mchoraji mwenyewe.

Namna ya tatu ni chapa ya kiwandani, kama ile ya kalenda. Hii kioo huiumbua mara moja: rangi zake si mistari bali ni vidoto vidogo sana vilivyopangwa safu safu.

Niliazima kioo cha kukuzia kwa mwalimu wetu wa elimu ya viumbe nikaichunguza picha ya babu. Vidoto havikuwapo. Nikaona penseli chini ya wino, hata sikio moja ambalo mchoraji alitaka kulichora kisha akaghairi. Nilifurahi kupita kiasi. Mwalimu akaniuliza, "Umejua kwamba ni ya mkono. Je, ni mkono wa nani?"

Naam, hapo ndipo penye ugumu. Lilanga alikuwa na wasaidizi na wanafunzi waliojifunza kuchora kama yeye. Kufuata mtindo wa mwalimu si dhambi. Edward Saidi Tingatinga alipofariki mwaka 1972, wanafunzi wake waliendelea na mtindo wake, na picha nyingi zina majina yao wenyewe. Kosa ni kuiuza kazi ya mtu kwa jina la mwingine. Nayo sahihi peke yake haitoshi, kwa kuwa mwenye kuweza kuiga shetani mzima hashindwi kuiga herufi saba. Katika picha yetu hata sahihi haisomeki. Mvua ya njiani ilifuta maandishi ya nyuma, imebaki L moja na mkia wa herufi nyingine.

Kwa sababu hiyo wanunuzi huuliza historia ya picha: nani aliipata, wapi, mwaka gani, ikapita mikono ya nani. Mfanyabiashara yule alilijua hilo. Alituambia tuandike barua kwamba babu aliinunua mkononi mwa Lilanga mwenyewe, nasi tutie mwaka wowote unaofaa. Akaahidi fedha za kutosha mabati ya nyumba nzima. Nyumba yetu ya kwanza iliungua, na tangu turudi tunalala chini ya turubai. Sitawaficha, kalamu nilikwisha kuishika. Mama akasema, "Babu yako alisema aliileta. Hakusema alimwona akiichora." Nikaiweka kalamu chini. Pasipo barua, bwana yule alitoa bei ya mabati mawili, mama akakataa.

Baadaye nilimtafuta mzee mmoja aliyekaa chumba kimoja na babu huko Dar es Salaam. Aliikumbuka picha ukutani, juu ya kitanda, lakini aliyeiuza hamkumbuki. Nimeyaandika maneno yake katika karatasi, pamoja na tarehe, bila kuongeza neno, nayo imo katika bahasha ile ile.

Ndugu zangu, huenda kwenu pia iko picha, au kinyago, au gazeti la zamani lililoletwa na mzee. Msiibandike picha ukutani kwa gundi, wala msiitie katika plastiki ya moto. Iwekeni pakavu, mbali na jua na mchwa. Lakini kabla ya hayo yote, mwulizeni mzee angali hai: alilipata wapi, kwa nani, mwaka gani? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa na babu miaka mingi, na hatukumwuliza.