Lantana yapendeza machoni, maua ya nyika yakosa nyuki

Kila asafiriye kwa basi kati ya Mombasa na Nairobi huipita Makueni: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali. Mvua ikishanyesha, tizama kando ya njia. Utaona vichaka vya maua ya manjano na waridi, vipepeo tele. Hiyo ni lantana, mmea wa Amerika ya Kati na Kusini ulioletwa kuwa pambo la bustani. Ndege hula vitunda vyake vyeusi na kutawanya mbegu. Leo umeenea Makueni hata Kitui.

Ikiwa wadudu waupenda, ubaya uko wapi?

Ua haliwezi kwenda kumtafuta mwenziwe. Humtegemea nyuki, nzi au kipepeo abebe chavua, ule unga wake, aipeleke kwenye ua jingine la aina yake. Ujira wa mdudu ni mbochi, maji matamu yaliyo ndani ya ua. Kichaka kimoja kikifungua mamia ya maua pamoja, mdudu ana haja gani ya kuhangaikia ua dogo la nyikani? Na akilifikia, huenda amebeba chavua ya lantana, isiyozalisha kitu pale. Ua lakauka bila mbegu, na msimu ujao miche hupungua.

Kweli, pengine mgeni mwenye maua mengi huvuta wadudu na majirani wakafaidi. Lakini kichaka kikishaziba mwangaza, jirani hayupo tena.

Sisi wa pwani yatuhusu. Maembe ya Makueni na asali ya Mwingi na Kibwezi hutegemea wadudu, na wadudu huhitaji maua yanayopokezana mwaka mzima. Baadhi ya migunga huchanua kabla ya mvua, wakati nyika ingali kavu. Migunga ikisongwa, nyuki watakula nini miezi hiyo?

Wala tusiwacheke wa bara. Mathenge uliletwa Bamburi mwaka 1973 kurudisha uhai kwenye machimbo ya mawe. Leo miti hiyo yawasumbua ndugu zetu wa Tana River.

Mwenye shamba na ang'oe lantana na mizizi yake kabla haijazaa, sehemu kwa sehemu, huku akiiacha mimea ya asili ikue mahali pake. Akifyeka yote siku moja na kuacha ardhi tupu, nyuki watakosa chakula, na lantana itakuwa ya kwanza kurudi.